Goti la Baba na Goti la Mbuzi

Nakumbuka asubuhi moja nilipomwomba daktari wa mbuzi amtibu baba yangu mzazi. Usicheke, mwanangu. Au cheka kidogo, kisha unisikilize, kwa sababu siku hizi nawaona vijana walionizidi elimu wakitazama kwenye simu matangazo ya sindano za seli shina, na mioyo yao inapiga mbio vilevile kama wangu ulivyopiga.

Wakati ule nilikuwa msichana, nimetoka chuo cha mifugo na cheti changu, nikapata kazi ya kuhudumia wanyama kwenye shamba la utafiti upande wa Gwata, huku Kibaha. Kwetu ni Kisarawe. Baba alikuwa mkulima wa mihogo na korosho, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Nikisema yamekwisha, nina maana kwamba gegedu, ule mto laini unaokaa kati ya mfupa na mfupa, lilikuwa limelika. Tulimpeleka hospitali ya Tumbi, akapewa mazoezi na dawa za maumivu, akapata nafuu kidogo. Lakini alikuwa akiswali kwenye kiti, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti lenyewe. Wenzake wanasujudu, yeye anainamisha kichwa tu, na akirudi nyumbani haongei mpaka chai ipoe.

Sasa pale shambani tulikuwa na mbuzi wa kuchunguza maradhi hayohayo. Nitakueleza bila kupamba. Mbuzi alilazwa kwa dawa ya usingizi, akatobolewa kidogo kwenye gegedu la goti la nyuma, kisha akachotwa uboho kwenye mfupa wa nyonga. Humo ndimo zinamopatikana seli shina, seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zilikuzwa maabara, zikarudishwa kwenye goti lake mwenyewe, halafu tukasubiri kuona kama zitajenga gegedu jipya. Utaniuliza, kwa nini mbuzi na si panya? Kwa sababu goti la mbuzi ni kubwa, linabeba uzito, linakaribia la mtu. Ndiyo, tulimuumiza mnyama ambaye hakutukosea kitu. Sikuwahi kulizoea jambo hilo, na nakuombea nawe usilizoee.

Mmoja wao tulimwita Bi Harusi, maana baada ya kupasuliwa alitembea kwa madaha, hatua baada ya hatua, kama anayepelekwa ukumbini. Kila mbuzi alikuwa na hereni ya namba sikioni, lakini sisi wahudumu tulishindwa kumwita kiumbe kwa namba. Miezi ikapita, Bi Harusi akaacha kuchechemea. Siku moja nikamkuta amepanda juu ya hori, anawatazama wenzake kwa dharau zote za dunia. Nilipiga vigelegele peke yangu bandani.

Mwisho wa wiki nikaenda nyumbani Kisarawe. Hata shikamoo sikuimaliza vizuri. "Baba, dawa imepatikana!" Nikamsimulia habari za Bi Harusi. Alasiri ile nilimsikia barazani akimwambia mwadhini, rafiki yake wa utotoni, kwamba Ramadhani ijayo asimwekee kiti msikitini. Basi nikaona sina pa kurudi nyuma. Sindano lazima ipatikane.

Jumatatu nikamfuata Daktari Koku, mama wa Kihaya aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa karibu kustaafu, mpole, lakini ulimi wake ulikuwa na makali yake. Nikampa shikamoo, nikamwomba amchote baba uboho na kumfanyia kama alivyomfanyia Bi Harusi.

Akavua miwani. "Baba yako ana kwato?"

"Hapana, mama."

"Basi mimi si daktari wake."

Nikamjibu kwa jeuri ya ujana kwamba mgonjwa haulizwi uji, na kwamba mbuzi kapona mbele ya macho yetu sote. Hapo akanikazia macho. "Amepona, au ametembea? Mwanangu, mwenye kovu usidhani kapoa. Mbuzi ni mnyama wa kuwindwa. Akionesha udhaifu, chui atamchagua yeye. Kwa hiyo huficha. Ngoja tufungue goti tuone."

Kufungua goti maana yake ni Bi Harusi afe. Nilijua tangu mwanzo kuwa siku hiyo ingefika, ila kujua na kukubali ni mambo mawili. Idd ya kuchinja ilikuwa inakaribia, nikaomba basi nipewe nikamchinje kwetu, nyama iwe sadaka, asife bure. Daktari akakataa, mnyama wa majaribio haliwi. Kisha akaongeza: "Na dini yenu si inasema mnyama wa Idd asiwe kilema? Una hakika huyu si kilema?"

Sikuwa na hakika.

Bi Harusi alilazwa kwa sindano ya mwisho, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nikimkuna katikati ya pembe kama alivyopenda. Daktari akafungua goti lililotibiwa. Lile tundu lilikuwa limejaa kitu, ndiyo, lakini kitu kigumu chenye nyuzinyuzi, si gegedu laini tulilolitarajia. Kisha akafungua goti la mguu wa pili, ambalo hakuna aliyeligusa. Nalo lilikuwa limeanza kulika. Bi Harusi alijifunza kuegemea mguu mzima, na sisi tukaita kupona.

Nililia, mwanangu, na sikuona haya. Daktari Koku hakunikaripia tena. Alinisubiri ninyamaze, akasema, "Ametufundisha kitu. Tukikipuuza, hapo ndipo atakuwa amekufa bure."

Nikarudi Kisarawe na uso umenishuka. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, miguu ameinyoosha, anamenya mihogo. Nikamweleza yote, na jinsi lile goti la pili lilivyokuwa. Akaweka kisu chini.

"Alikuwa anapanda juu ya hori na huku anaumia?"

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ungenidunga ile sindano, mimi nami ningetembea. Ningesujudu chini, mbele yako, unatazama. Hata goti lingewaka moto, ningekwambia nimepona. Ningekwambiaje vingine, mwanangu, na ile furaha uliyonijia nayo?"

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Mimi nilibaki nimesimama, nimeshika mkoba wangu, sijui niuweke wapi. Baba aliswali kwenye kiti mpaka Mungu alipomchukua, na hakuwahi kunilaumu.

Sikwambii uichukie kazi ile. Wapo wanaoendelea nayo, na naiombea heri, kwani kuna magoti mengi yanayoisubiri. Ila nasaha yangu ni hii. Kabla hujampelekea mgonjwa wako tumaini, uliza kama kuna aliyelichungulia mpaka ndani, na kama huyo siye anayeliuza. Usitosheke kwa kuambiwa kuwa fulani alidungwa akatembea. Wala usimfanye umpendaye kuwa shahidi wa dawa uliyomletea, maana atakwambia unachotaka kusikia. Na ukifanya kazi na wanyama wanaoumia kwa ajili yetu, wape maji safi, wape jina, uwepo wanapoondoka, na ulichokiona ukiseme kama kilivyo, hata kikikuvunja moyo.

Mungu akupe elimu isiyokausha huruma, akupe na subira ya kungoja ukweli. Na akujalie, mwanangu, uwe mtoto ambaye wazazi wake wanaweza kumwambia: bado inauma. Amina.