Mama Jirani Hakutusindikiza

Kwa miaka mingi nilikana kwamba namkumbuka mama jirani wa Kolwezi. Marehemu mama yangu akimtaja, nilimjibu, "Yupi huyo?" kwa sauti ya msomi aliyejaza kichwa mambo makubwa zaidi. Uongo mtupu, ndugu yangu. Kila mawingu yalipokusanyika, nilimkumbuka.

Juzi nilirudi kwenye ziwa Nzilo, nimevaa kofia pana ya kitaalamu, kuandika kuhusu mabadiliko ya mazingira. Hifadhi tuliyokulia ukingoni mwake imebaki visiki na majani makavu. Nguzo ambayo baba alisomea kina cha maji bado imesimama, ila ziwa limerudi nyuma. Sasa inapima vumbi.

Baba ndiye aliyekuwa mpimaji wa hali ya hewa pale. Kila asubuhi alisoma kopo la mvua, kisha akateremka kwenye nguzo, na mimi nyuma yake nikikanyaga umande. Mama jirani, mke wa mlinzi wa hifadhi, mwenyeji wa pale pale, alikuwa ameshafika majini kusugua sufuria.

"Tata, ile kopo yako inasema nini leo?"

"Inasema mvula ilinyesha usiku, Mama."

"Eh! Hata manguo yangu kwenye kamba inasema vile, na haikusoma masomo!"

Naye alikuwa na vipimo vyake: upande wa upepo, kelele za bata maji, goti la kushoto. Goti lilikosea mara nyingi, na siku hizo baba alitembea kama amepandishwa cheo. Jioni nilikula kwake bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo yenye samaki wadogo wakavu, halafu nikala tena kwetu, nikiapa kwamba sijala.

Kisha mgodi wa shaba wa Kolwezi ukaporomoka, na mishahara ikakauka kabla ya ziwa. Watu wakaingia hifadhini kukata miti ya kuchoma makala, makaa ya kupikia. Siwalaumu; hata maharagwe yetu yalichemka kwa makala hayo. Baba aliendelea kupima bila kulipwa, akisema mvua haijaacha kazi. Ndege walihama kwanza. Halafu ikawa zamu yetu. Babu alitoka Kasai, nchi ambayo mimi sikuwahi kuikanyaga, na ghafla barabarani wenyeji wakatuita bilulu, yaani wadudu, tukaamriwa kupanda treni ya kurudi huko.

Kule kwetu hakuna anayeondoka peke yake. Hata aliyekuja kuomba chumvi husindikizwa mpaka njia panda. Asubuhi ile tulifunga mizigo polepole, makusudi. Moshi ulitoka jikoni kwa mama jirani, basi yumo. Baba akakohoa kwa nguvu. Mama akafungua fundo moja, akalifunga upya. Mlango wa jirani haukufunguka.

"Twende," mama akasema. "Naye ametukataa."

Neno hilo lilipanda treni pamoja nasi, na huko Kasai likaketi nasi kwenye chakula mpaka mama alipofariki. Mimi nikajifunza kuuliza, "Yupi huyo?"

Leo bata maji hawapo, na asubuhi kando ya ziwa haina utani. Mwanamke anayeuza samaki pale ndiye aliyenipa namba ya simu ya mama jirani, ambaye sasa anaishi kwa bintiye, mjini Fungurume. Nilijiandalia maswali ya heshima kuhusu mvua za siku hizi. Nikapiga.

"Mama, ni mimi, binti wa mpimaji."

"Yesu wangu! Na mama yako, iko?"

"Alishatuacha, Mama." Maswali yangu yote ya mvua yakanitoka kichwani. "Alikufa akisema ulitukataa. Mbona hukutusindikiza?"



"Mwanangu," akasema, "unasindikiza mutu kama umekubali aende. Mi sikukubali."