Nadhiri ya Sembeko kwa Mwenye Mlima

Ukungu wa asubuhi bado umeufunika mto Garuna wakati Sembeko anapobandika sikio kwenye ukuta wa marumaru. Anagonga kabari ya chuma, anasikiliza, anagonga tena. Jiwe linaguna, kisha linapasuka, na wenzake wanaruka pembeni.

"Leo limekubali," anasema akijifuta vumbi jeupe usoni. "Likikataa, halikwambii."

Sembeko ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameimalizia hapa machimboni. Mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili. Kikohozi chake husikika hadi ng'ambo ya bonde. Ujira wa siku humpatia mkate wa shayiri na jibini ya mbuzi; nyama ni ya sikukuu. Marumaru anayoikata huteremshwa mtoni ikawe nguzo za nyumba za watu asiowajua.

Wakata mawe wa hapa wanajua mlima una mwenyewe, mungu ambaye jina lake ni Eriape. Aliyemwomba akapewa humchongea jiwe la madhabahu, kwa herufi za Kirumi, na kulisimamisha palepale machimboni.

Sembeko alimwomba msimu wa vuli uliopita.

Mdogo wake, Harbeleksi, alikuwa akiongoza maksai waliokuwa wakiburuta jiwe juu ya magogo. Mvua ilikuwa imenyesha. Kamba ikakatika, jiwe likaserereka na kumlalia miguuni.

"Nilimsikia akiita, 'Kaka! Kaka!'" anasimulia Sembeko. "Nikapiga magoti kwenye matope. Nikasema, Eriape, nipe ndugu yangu akiwa hai, nitakusimamishia jiwe."

Akapewa. Harbeleksi aliishi, ila miguu yote miwili ilikatwa juu ya magoti. Majira yote ya baridi alilia akiomba afe.

Siku hizi hushinda mlangoni akisuka vikapu. Ukimtajia nadhiri ile, anatema mate.

"Kaka aliniombea uhai. Mimi aliniuliza?"

Kazi ya maksai sasa anaifanya Edunne, binti wa Harbeleksi, mwenye miaka kumi na tisa. Njia ni ileile, na kamba ni zile kuukuu. Msimamizi hajaleta nyingine. Hilo ndilo linalomnyima Sembeko usingizi. Anaamini mungu asipolipwa atajilipa mwenyewe, na aliye karibu ni huyo msichana.

Edunne anacheka. "Baba mkubwa anamwogopa Eriape. Mimi naiogopa kamba."

Mwezi uliopita Sembeko alilibeba jiwe lake la nadhiri hadi uani kwa mdogo wake, alimalizie mbele yake. Hajui kusoma; alikuwa akinakili herufi za madhabahu ya zamani, ambazo maana yake alikwisha kuelezwa. Chini kabisa huwa zipo nne, kila moja ikisimama badala ya neno zima. Harbeleksi akataka aambiwe moja moja zinasema nini.

"Hii, nadhiri. Hii, ameilipa. Hii, kwa hiari. Na hii, kwa kuwa mungu anastahili."

"Hiari?" Harbeleksi aliachia kikapu. "Hiari ya nani? Ichonge hiyo uone kama sitalivunja kwa nyundo."

"Basi nisilipe? Na mwanao je?"

Harbeleksi aligeuza macho mlimani, ambako sauti ya Edunne ilisikika ikiwafokea maksai.

"Lipa," alisema mwishowe. "Lakini usiandike uongo."

Ndiyo maana jiwe hilo, ambalo litapandishwa mwezi mpya ukiandama, lina herufi tatu chini, na katikati pengo la upana wa kidole gumba. Machimboni wanamtania bila huruma.

"Sembeko, mungu wako utamlipa kwa pengo!"

"Atadhani ulikuwa umelewa, mzee!"

Yeye anakohoa, anatema vumbi, anachukua kabari nyingine. Anasema amekwisha kuzungumza na watu wa bonde la pili, wafugaji wa kondoo, wenye kijana anayetaka kumwoa Edunne, na Edunne hajakataa.

"Siku atakayoondoka hapa kwa miguu yake mwenyewe," anasema, "nitapanda na patasi yangu niichonge ile herufi. Siku hiyo haitakuwa uongo."