Kitabu changu cha majengo ya Mjerumani kilivyomsafisha babu aliyeitwa mwongo

Wakuu, heshima kwenu.

Hili nalileta kama lilivyotokea, hata pale linaponiaibisha.

Mimi ni mchora ramani za nyumba hapa Morogoro, naishi Kilakala. Kwa miaka mingi nimekuwa nakusanya vitabu vya majengo, picha na dizaini. Wengine wana mbuzi, mimi nina vitabu. Mke wangu anakiita chumba cha vitabu "wodi", eti vimelala tu humo, hakuna anayepona wala kutoka.

(Msimshangilie. Nawajua.)

Mwaka jana muuza vitabu vya mitumba akanipigia simu. Kapata kitabu cha picha za majengo ya enzi za Mjerumani. Nikaenda mbio. Jalada limeliwa na mende, maandishi yote Kijerumani, lugha ambayo sijui hata salamu yake.

Lakini picha, wakuu! Stesheni, maboma, makanisa, kuta za mawe utadhani zimepigwa pasi.

Ukurasa mmoja ukanisimamisha. Nyumba ya mapadri kwenye kijiji kimoja cha misheni huku Uluguru, ujenzi unakaribia kuisha. Mbele yake wamesimama mafundi watano weusi. Nikatafsiri maelezo kwa simu. Jina la padri msimamizi lipo, refu kama treni. Mafundi wameandikwa "wenyeji watano". Basi.

Sikujali, nakiri. Nilikuwa naangalia tao la mlangoni.

Jumamosi nikapanda mlima kwa bodaboda, kitabu kwenye begi. Nia ilikuwa kupiga picha nyumba ileile kutoka pembe ileile, nije niwatambie humu. Nikaikuta bado imesimama. Nikafungua kitabu, nasogea kushoto, nasogea kulia, narudi kinyumenyume.

"Wewe unayenikanyagia karoti, unatafuta nini?"

Ni bibi mwenye jembe, Bibi Skola. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anaangalia viatu vyangu. Nikaomba radhi, kisha nikaanza kumfundisha jinsi Wajerumani walivyoyapanga mawe ya lile tao. Nilieleza kweli kweli, na mikono juu.

Alisubiri nimalize.

"Lile alilipanga babu yangu," akasema.

Nikamwonyesha ile picha. Akakisogeza kitabu mbali na macho, akaanza kuwataja. Wanne aliwajua, maana utotoni aliwakuta hai, wazee. Wa tano uso wake ulikuwa ukungu mtupu.

"Huyu alitikisika," nikamwambia. "Kamera za wakati ule zilitaka mtu atulie kama nguzo."

Bibi akakaa chini, palepale kwenye tuta.

Akanisimulia. Babu yake, Mzee Anselmi, alikuwa akisema kwamba wakati wa Mjerumani alipigwa picha na Mzungu, ila siafu wakampanda mguuni, akaruka, Mzungu akafoka. Hakuna aliyeamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona hiyo picha. Wenzake wenyewe, kwa utani, walikataa kumshuhudia. Kijiji kikambandika jina la Mzee Picha. Hata akisema mvua imenyesha kwa jirani, watu wanamuuliza, "Na siafu walikuwepo?"

Amezikwa na jina hilo.

"Na mimi nilimcheka," Bibi akasema. "Ananibembeleza, 'Mjukuu wangu, wewe niamini.' Namcheka usoni."

Akajifuta macho kwa pindo la kanga. Halafu akaweka kidole chini ya ule ukungu. Mguu mmoja ulikuwa juu.

Wakuu, mimi ukurasa ule nilikuwa nimeutazama mara mia. Mguu sikuuona.

Nikapiga picha kwa simu, nikaahidi kumletea kubwa yenye fremu.

"Utaleta," akasema. "Kwa leo niachie kitabu, nikawaonyeshe wenye midomo."

Hapo tabia yangu ikajulikana. Nikaanza habari za unyevu, za karatasi kuukuu, za mende. Akanisikiliza kwa huruma kama unavyomsikiliza mgonjwa.

"Nyumbani unavyo vingine?"

"Vingi, bibi."

"Basi hutakosa cha kusoma."

Nikakiacha. Njia nzima ya kushuka nilikuwa nageuka kuangalia nyuma.

Baada ya wiki mbili nikarudi na fremu. Uani nikamkuta Mzee Pius, mjukuu wa fundi mmojawapo wa pichani, ambaye ukoo wake ndio ulioongoza utani. Kitabu kipo magotini, anautazama ule mguu wa juu. Mwishowe akasema:

"Skola, nimekubali. Mzee alisema kweli."

Majirani waliojaa uani wakacheka. Bibi hakucheka.

"Usiniambie mimi. Kamwambie mwenyewe."

Nilidhani anatania. Lakini Mzee Pius alisimama, akachukua fimbo yake, tukamfuata mpaka makaburini nyuma ya kanisa. Akavua kofia mbele ya msalaba wa Mzee Anselmi, akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Babu, utusamehe. Picha tumeiona."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Tuliporudi, Bibi akanipa penseli niandike majina yote matano chini ya picha. Sijawahi kuandika ndani ya kitabu maisha yangu yote. Siku ile niliandika.

Kitabu bado kiko kwake. Sijakidai.

Nilichojifunza: nilijaza chumba vitabu vya nyumba, na sikuwahi kuuliza nani alibeba mawe. Sasa naanza na watu, halafu ndiyo ukuta.

Kama una picha ya zamani yenye watu wasio na majina, itupie hapa chini, useme ni ya wapi. Huenda humu kuna mjukuu wao.