Damu Niliyoiandika "Kabla ya Dawa"

Nimekosa, na kosa langu lina maneno matatu tu: "kabla ya dawa". Niliyaandika kwa wino mweusi kwenye kichupa cha damu nikijua si kweli. Na sikuyaandika mara moja. Niliyaandika mara tatu, kwa mgonjwa yule yule, katika muda wa miezi minne.

Sitataja jina langu wala la kliniki. Mgonjwa nitamwita Mzee Kioko, ingawa silo jina lake. Nayasema haya hapa kwa sababu nimeshayasema kote nilikotakiwa kuyasema na bado yamenikaa kooni.

Mzee Kioko ni mchongaji. Mlango wake na wa mama yangu inatazamana huko Shauri Moyo, na nimekua nikisikia tezo yake ikigonga mti nyuma ya nyumba kila asubuhi. Alichonga vigoda, miiko, na twiga wa kuuzia watalii. Kigoda nilichokalia nikifunzwa kusoma alikichonga yeye.

Miaka michache iliyopita viungo vya mikono yake vilianza kuvimba. Haukuwa uzee. Ni ule ugonjwa ambapo kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kumla viungo. Vidonge vilishindwa, daktari akamwanzishia dawa ya kingamwili, inayoingizwa kwa dripu kila baada ya wiki nane.

Dawa hii hufanya kazi kwa kushika. Mwilini kuna kemikali inayochochea uvimbe, na dawa huikamata ikaishikilia isitende kitu. Lakini miili mingine huiona dawa yenyewe kuwa adui. Huitengenezea kinga, na dawa ikakosa kushika. Hapo daktari hutakiwa kubadilisha dawa upesi, kabla mifupa haijaharibika.

Atajuaje? Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua damu na kuipeleka maabara. Kule tuna sahani yenye vijishimo vidogo, na ndani yake tumepaka ile kemikali. Tunaweka maji ya damu ya mgonjwa, kisha tunasuuza. Dawa iliyoshika hubaki. Iliyolegea huenda na maji. Tunapima kilichobaki.

Sharti ni moja. Damu itolewe kabla ya dripu mpya, wakati dawa ya zamani iko mwishoni mwa wiki zake nane. Ukiitoa baadaye, unapima dawa iliyoingia dakika chache zilizopita, na hiyo itaonekana imejaa na kushika hata kwa mtu ambaye haimsaidii.

Nilipomweleza Mzee, alielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowafunza.

"Ni kama gundi," alisema. "Huwezi kuijaribu siku uliyoipaka. Unangoja ipigwe jua na mvua."

Mkewe, Mama Mwende, alicheka. "Huyu kila kitu kwake ni mbao. Hata alipokuja kunichumbia aliniambia nimenyooka kama shina la mhugu."

"Na hukunyooka?" Mzee akauliza.

Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Kesho yake nyumbani kwetu walikuwa wanakuja wageni wa ruracio, wa kujadili mahari, wakwe watarajiwa wa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya nyama. Nikaona nipitie Soko la Burma kwanza, nichague mapema kabla vipande vizuri havijaisha.

Muuza nyama alinishika kwa maneno. "Ukiwapa mbavu, dada, watasema hata msichana wenu ni mifupa mitupu. Chukua mguu." Nikacheka, nikabishana, nikangoja akate. Nilipotazama saa ilikuwa karibu saa tatu. Mzee alitakiwa kuwekewa dripu saa mbili na nusu.

Nilifika saa tatu na dakika kumi. Dripu ilikuwa imeshaanza kuingia.

"Umetokea sasa?" muuguzi akaniuliza. "Mzee ameketi hapo tangu saa moja. Nilidhani ulishamtoa damu."

"Nilishamtoa," nikasema.

Huo ndio uongo wa kwanza, na ulinitoka kabla sijaufikiria. Muuguzi alipoenda kwa mgonjwa mwingine, nilimtoa Mzee damu mkono ule mwingine. Hakuuliza kitu. Aliniamini kama mtu anavyomwamini mtoto wa jirani. Nikaandika yale maneno matatu, na saa nikaandika mbili na dakika ishirini.

Nilijiambia namhurumia. Damu ya kuchelewa ingekataliwa, na angengoja wiki nane nyingine ndipo apimwe. Lakini niliyekuwa namhurumia ni mimi. Nilikuwa nimeonywa kwa kuchelewa mara mbili mwaka ule.

Majibu yalirudi mazuri sana. Dawa imejaa, imeshika barabara.

Mara ya pili nilichelewa tena, dakika chache tu. Nilishajua njia, nikaifuata.

Mara ya tatu sikuchelewa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilifika saa moja na nusu, sanduku langu la barafu mkononi, na Mzee hajaingia hata chumbani. Ningeweza kutoa damu ya kweli. Lakini nilifikiri: je, kama hii ya leo itatofautiana na zile mbili? Nitaulizwa. Basi nikaketi kwenye benchi la nje nikijifanya nasoma simu, nikangoja mpaka nikasikia muuguzi, aliyedhani nimeshamtoa damu, akisema, "Haya Mzee, dawa inaingia sasa." Ndipo nikanyanyuka.

Wakati huo wote mikono ya Mzee ilikuwa inazidi kuharibika. Niliona. Kwanza aliacha twiga, maana miguu yao inataka ncha ya patasi. Kisha akaacha vigoda, akabaki na miiko. Mwisho tezo ikanyamaza kabisa.

Na kila alipolalamika, daktari alifungua faili na kuona majibu yangu. "Dawa inafanya kazi vizuri, Mzee. Nafikiri unaitumikisha mikono kupita kiasi. Uipumzishe." Sikumlaumu daktari. Alisoma nilichomwandikia.

Jumapili moja baada ya ibada niliingia kwao kumsalimia. Nilimkuta Mama Mwende akimfungia vifungo vya shati huku anamgombeza.

"Daktari amesema dawa ni nzuri. Basi hii mikono inavimba na nini? Wewe nikienda Muthurwa unabaki hapa unachonga kisirisiri."

"Sijashika tezo mwezi mzima."

"Kwa hivyo mashine inadanganya?"

Mzee akanigeukia. Hakuwa na hasira. "Mwanangu, wewe ndiwe unayeiona damu yangu. Mwambie mama yako huyu. Mimi ni mwongo?"

Alikuwa anaumwa, na juu ya kuumwa nilikuwa nimemvisha uongo wangu. Mke wake wa miaka mingi alikuwa ameacha kumwamini kwa ajili ya maneno yangu matatu. Nikasema nimeitwa nyumbani, nikatoka.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Hakupaza sauti. Alifungua faili, akageuza kurasa moja moja mpaka mwanzo.

"Miezi minne," alisema. "Na mimi nikawa namwambia apumzishe mikono."

Mzee aliitwa akatolewa damu na mtu mwingine, kwa wakati wake. Mimi sikuruhusiwa tena kugusa sahani. Mwenzangu aliyeisuuza alinipigia simu jioni. "Hakikubaki kitu, dada," akaniambia, akakata. Mwili wa Mzee ulikuwa umeikataa ile dawa, labda tangu mwanzo wa hiyo miezi minne. Hatutajua ni lini, kwa sababu damu ambayo ingetuambia haikuchukuliwa.

Alibadilishiwa dawa. Uvimbe umepungua, na usiku analala. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeshapinda, na daktari alimweleza wazi kwamba mfupa ulioliwa haurudi. Mkono huo ndio uliokuwa ukishika tezo.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Walikuwa wameketi nje, wote wawili. Nilisimama, sikuthubutu kuketi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Hiyo mara ya tatu, ulikuwa umechelewa?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa nimefika."

"Nilikuona," akasema. "Pale kwenye benchi. Nikafikiri umechoka, nikaona nisikuharakishe."

Alitazama mikono yake iliyolala mapajani, kisha akainuka akaingia ndani. Mama Mwende alinimiminia chai, akaniwekea mbele yangu kwa nguvu mpaka ikamwagika.

"Kunywa uende," alisema. "Kwangu mgeni haondoki mdomo mkavu. Lakini usidhani hii chai ni msamaha. Mimi ndiye niliyemwita mume wangu mwongo. Hilo nitalirudisha vipi?"

Niliinywa nikilia, kwa sababu kuikataa kungekuwa kosa jingine.

Kazi sina. Nilisimamishwa, na shauri langu bado linasikilizwa. Mama yangu na Mama Mwende walikuwa wakikaa benchi moja kanisani tangu nikiwa mtoto. Sasa mama hukaa nyuma karibu na mlango, na huondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Hajanigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza. Wiki jana alikuja mtu kuangalia vifaa vya Mzee, tezo mbili na patasi zake zote. Nilimwona kupitia dirishani akivipima uzito mkononi, na Mzee akimwonyesha kwa mkono wa kushoto namna ya kuvishika.

Wewe unayeshika sindano, au kalamu tu, ambaye maandishi yako yatasomwa na mtu asiyekuwepo pale, nisikilize. Ukichelewa, andika umechelewa. Damu ya saa tatu na dakika kumi iandike saa tatu na dakika kumi, hata kama itamwagwa, hata kama utaitwa ofisini ukasimamishwa mbele ya watu. Na kama umeshadanganya mara moja, usingoje ya pili. Sema leo, wakati bado kuna kitu cha kuokoa.

Utakaripiwa, ndiyo. Mimi nimekaripiwa na wakubwa zangu wote. Kukaripiwa hupona.