Jina la Mke Wangu Mtoni Ruvuvu

Tuliondoka Shinyanga kwa sababu mkwe wangu alikuwa mgonjwa kwao Urundi, na muuza chumvi mmoja alituletea habari kwamba anamuulizia binti yake, yaani mke wangu. Nikaenda bomani kuomba cheti cha safari. Karani akauliza jina la mke. "Mama Zuhura," nikamjibu, akaandika. Zuhura ndiye binti yetu. Mtu hamtaji mkewe kwa jina mbele ya wanaume, nami nilijiona muungwana kwelikweli.

Zuhura tulimwacha nyumbani na bibi yake. Hadi Masumbwe tulipanda lori la Mhindi. Kutoka hapo, miguu.

Runzewe tulikuta Warundi wakienda Geita kuchimba dhahabu. Mmoja akaniambia, "Shemeji, Wabelgiji wamebadili mambo. Aliyetoka bila ruhusa akirudi haruhusiwi kutoka tena." Nikamcheka. Mto Ruvuvu wa mpakani nimeuvuka tangu ujana kwa kumpungia mkono mwenye mtumbwi.

Siku ya saba tulifika Ruvuvu. Kivukoni alikaa karani wa Wabelgiji.

"Mama Zuhura si jina," akasema. "Alizaliwa akiitwa nani?"

"Nahimana," nikasema, nikaona haya kama niliyevuliwa kanzu sokoni.

"Wa wapi?"

Mke wangu akataja kilima cha kwao.

"Basi wewe ni mtu wetu. Kuingia utaingia, kutoka ni shauri la chifu wako. Nawe bwana, cheti cha mume na mke kingewapitisha wote, kwenda na kurudi. Chako kinamtaja Mama Zuhura, na huyu ni Nahimana. Kwa kitabu changu si mkeo. Rudi."

Nilimsihi mpaka nikachoka. Nikamwambia mke wangu turudi, tukaandikishe upya.

"Baba Zuhura, hiyo ni safari ya siku ngapi? Baba hatanisubiri."

Akabeba mzigo wake, akaingia mtumbwini. Nililia, sifichi.

Shinyanga nilipitia bomani kabla ya kufika nyumbani. Nililitaja jina la mke wangu kwa sauti, herufi kwa herufi, wanaume wote wakisikia. Nimejifunza kwamba heshima ya nyumbani kwangu haijulikani ng'ambo ya mto. Karani akasema barua itakwenda kwa Wabelgiji, majibu hajui yatakuja lini.

Nyumbani Zuhura akanipokea kikapu. "Shikamoo, baba." Kisha akanipita, akaenda kusimama njiani kumngoja mama yake.