Mama Aliitwa Naghali

Siku hizi mjukuu wangu akitaka kumleta mtu hapa Maskati, anakwenda ofisini Khuwair na karatasi zake, anakaa kwenye kiyoyozi, anarudi na jibu. Mie nilipomleta mama yangu hapakuwa na kiyoyozi wala kiti. Palikuwa na jamvi, na palitakiwa kitu kimoja: mwanamume wa kabila lake aje aseme kwa mdomo wake, "Huyu ni wetu."

Sisi tulikuja mwaka wa sitini na nne, mie na mume wangu na watoto. Kilichotuleta kinajulikana, sitakirudia. Mama alibaki Unguja kwa ukaidi wake. Alisema nyumba haiachwi na mtu aliyeijenga. Miaka ikapita, nyumba ikachukuliwa, akahamia chumba cha jirani, ndipo akatuma salamu kwa mtu aliyekuwa safarini: "Mwambieni mwanangu nnakuja." Hakuuliza kama anaweza kuja. Ndivyo alivyokuwa.

Akashuka Matrah kutoka melini, kavaa buibui, mkono mmoja kashika furushi la nguo, mwingine mbuzi ya kukunia nazi.

"Mama, huku nazi za kutafuta kwa taa," nikamwambia.

"Mbuzi keshafika. Nazi zitamfuata."

Bandarini wakampa ruhusa ya mwezi mmoja. Wakati ule ruhusa ilikuwa ya kila kitu, hata kujenga ukuta wa nyumba yako. Mume wangu akaenda kwa wakubwa kumwombea akae moja kwa moja. Akajibiwa: "Mkeo yuko chini yako. Mamake si wa kabila lako. Babake huyo mama alikuwa wa wapi?" Wa Qurayyat. "Basi aje mtu wa Qurayyat amdhamini. Asipopatikana, atarudi alikotoka." Na alikotoka hata kitanda hakuwa nacho.

Tukapeleka habari Qurayyat. Akaja mzee mmoja, mtoto wa ami yake mama, mwenye shamba la mitende, mkavu kama kuni. Kahawa yetu alikunywa, halafu akanambia bila ya kuzunguka: "Babake alikwenda Unguja, hilo nalijua. Huyu mama yako simjui. Siku hizi wengi wanakuja na jina la marehemu. Mimi nikiapa, naapa kwa Mungu. Siwezi kuapa kwa sababu nimeona huruma."

Nilimchukia. Lakini nikisema hakuwa na haki, nitakuwa mwongo.

Siku ya barza, kikao cha wakubwa wanaoamua mambo hayo, tukaingia, mama nyuma yangu, mie mbele, maana mama Kiarabu chake kilikuwa cha kwenye mswala na msikitini, kumwomba Mungu tu. Changu mie nilikiokota sokoni Matrah, kwa wauza samaki na wenye punda. Matusi niliyajua kabla ya salamu. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kutuangamiza.

Karani akauliza jina la babake, na la babu yake, na la babu wa babu yake. Mama akajibu yote bila kukwama. Mzee wa Qurayyat anachezea tasbihi. Majina yale mtu angeweza kufundishwa. Mwishowe akaniambia: "Muulize, nyumbani babake alikuwa akimwitaje? Jina la nyumbani haliokotwi njiani."

Jibu nililijua tangu utotoni. Babu alikuwa akimwita mama Naghali, na mama alijivuna nalo maisha yake yote. "Kwa baba nilikuwa ghali," akisema, "hapana mtoto wake aliyekuwa ghali kama mie." Mawifi zake walikuwa wakimcheza shere, akipita wanasema, "Haya, Bi Ghali huyo, fungueni mikoba." Nami niliamini hivyo hivyo. Mpaka nilipofika Matrah nikawasikia wenye punda wakigombana, mmoja anamwita mwenzake naghal. Nikamuuliza jirani yangu maana yake. Akanifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaninong'oneza: mtoto wa haramu.

Tangu siku ile nilikuwa nikijiuliza. Nnakanda unga, najiuliza. Nnafua, najiuliza. Babu, mtu wa sala tano, kwa nini amwite binti yake jina lile? Alimshuku bibi? Lilikuwa ni mzaha? Mama nisingeweza kumuuliza, na babu alikuwa kaburini.

Sasa mama kajibu kwa Kiswahili cha mbio, kichwa juu: "Akiniita Naghali."

Mie nikamgeukia mzee nikasema, "Anasema akimwita Ghaliya."

Mzee akabetua midomo. "Kila baba humwita binti yake hivyo." Akaanza kukusanya joho lake ainuke.

Mama hakujua Kiarabu, lakini kuona mtu anaondoka anajua. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ghali, mama."

"Nani kakutuma useme ghali? Mie nimesema Naghali." Akanipita mbele kama mwiko unavyopita kwenye uji, akajigonga kifua mbele ya wanaume wote wale. "Naghali. Naghali mie."

Kalamu ya karani ikasimama. Mmoja akakohoa. Mwingine akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika. Mie nilitaka jamvi lile linimeze.

Mzee akakaa tena, polepole. "Muulize alizaliwa vipi."

Nikasema basi, limekwisha, sasa atavuliwa nguo mbele za watu. Nikamgeukia mama. "Mama, anauliza ulizaliwa vipi."

"Kwa uchungu, kama yeye."

"Mama, tafadhali."

"Nilizaliwa miezi saba. Nani asiyejua? Walinizungushia pamba kama kioo cha taa ya chemni."

Nikafasiri: miezi saba. Pamba niliiacha.

Mzee akajipiga goti. Akacheka mpaka tasbihi ikamtoka mkononi, kisha akawaeleza wale wengine, na mie nikasikiliza kwa masikio yote mawili. Naghali ni tende. Ni mtende unaowiva mwanzo, wenzake bado kijani, wenyewe umeshaona rangi. Na nyumbani kwao mtoto anayekuja kabla ya miezi yake huitwa hivyo. Dada yake yule mzee mwenyewe aliitwa hivyo, akafa mdogo. Jina hilo halikutoka nje ya ua wao.

Akaniangalia. "Na wewe Kiarabu chako umesoma wapi?"

"Kwa wenye punda."

"Kinanuka hivyo."

Akamwelekea karani, akaapa. Binti ami yangu, alisema, na mimi ndiye mdhamini wake mpaka afe au nife. Mama akapata kukaa.

Njiani, tunapita kwenye vichochoro, mama akanivuta ukaya wa kichwani. "Kacheka nini yule?"

Nikamweleza. Ile ya wenye punda sikumwambia, wala hakuijua mpaka anakufa. Nikamwambia ya tende. Akasimama katikati ya njia, watu wanatupita.

"Tende?"

"Ya kwanza kuiva, mama."

"Baba kaniita tende." Akatembea. Wiki nzima akikuna nazi zake, maana zilipatikana, alikuwa akizikuna kwa hasira. Nilimuonea huruma. Nilikuwa nimempatia pahala pa kukaa, nikamnyang'anya jina.

Joto lilipoanza, kabla soko la Matrah halijaona tende, likaja kapu kutoka Qurayyat. Yule mzee kalituma, juu kafunika majani. Mama akachukua moja, akaigeuza geuza, akaitia mdomoni. Kokwa akalitema kiganjani akalitazama muda.

"Si tamu kama nilivyodhani," akasema.

"Wenyewe wanasema zitakazofuata ndizo tamu zaidi."

"Hizi sokoni zipo?"

"Bado. Zikija watu watazigombea, kwa kuwa ndizo za mwanzo."

"Bei yake?"

"Ghali sana, mama."

Akachukua ya pili.

"Nilikwambia," akasema.