Alama za Viatu kwenye Zulia la Kijani

Nakumbuka Jumanne moja, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nilipotaja jina la mtu kwa kujiamini kabisa, na kabla ya jioni nikatamani ardhi inimeze. Iweke hiyo simu pembeni kidogo, mwanangu. Miaka mingi imepita, lakini nikilisimulia jambo hili bado nashindwa kutulia kitini.

Nilikuwa nafanya usafi katika nyumba moja kongwe ya mbao upande wa Maryland, yenye mnara wa duara pembeni na ngazi ndefu, ambayo wenyewe walisema ilijengwa enzi za Malkia Victoria. Mwenye nyumba, Bibi Harriet, alikuwa mjane wa miaka themanini. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga alilala chini, na hatukumwona tena orofani. Mwanawe Daniel alishasema wazi kwamba mama akishindwa kupanda ngazi, nyumba itauzwa na yeye atahamia makao ya wazee.

Wafanyakazi tulikuwa watatu. Mama Béa, Mkongo wa Bukavu, alipika. Bi Zuhura wa Unguja, aliyetuzidi umri sote, alimhudumia bibi na kufua nguo. Usafi ulikuwa wangu, na nilijivunia utaratibu wangu. Chumba cha kusomea cha marehemu mume wa bibi, kule juu, kilikuwa na zulia nene la kijani. Kila Jumatatu nililifyonza vumbi kwa mashine nikirudi kinyumenyume hadi mlangoni, ili nisiache hata alama ya unyayo wangu. Kisha nafunga mlango. Zulia linabaki na mistari iliyonyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

Jumanne hiyo nilipofungua mlango kuchukua kitambaa nilichokuwa nimekisahau, mistari ilikuwa imevurugwa. Alama za viatu zilitoka mlangoni hadi mezani na kurudi. Nilizitambua mara moja: soli yenye mawimbi, ya vile viatu vya mpira vyenye matundu ambavyo Mama Béa alivaa jikoni.

Saa nne asubuhi Daniel akaja kuchukua saa ya mfukoni ya babu yake aipeleke kwa fundi. Kijisanduku cha saa, pale mezani, kilikuwa kitupu. Akaniita.

"Rehema, nani ameingia humu?"

"Mama Béa," nikajibu. Sikumeza hata mate.

Akatuita wote jikoni. Akasema anakwenda kazini Arlington na atarudi saa kumi jioni; asipoikuta saa mezani, anaita polisi. Tena tusimwambie mama yake, asije akapatwa na mshtuko.

Mlango ulipofungwa, Mama Béa alikaa chini kwenye vigae. Wakati huo alikuwa anangojea uamuzi wa ombi lake la ukimbizi. Tuhuma ya wizi, hata ya uongo, ingeweza kumrudisha kule kule alikokimbia.

"Miye siyaingia mule," alisema akilia. "Mungu njo anajua. Rehema, mimi nilikufanya nini?"

Bi Zuhura akanishika mkono, akanitoa hadi kwenye chumba cha kufulia.

"Umemuona mtu, ama umeona alama?"

"Viatu ni vyake, Bi Zuhura."

"Sikukuuliza viatu vya nani. Umemuona?"

"Hapana."

"Basi umemtajia nini? Wewe hukusema uliloliona, umesema ulilolidhani. Haya, mbele! Kanionyeshe hizo alama."

Tulipiga magoti mlangoni kama watu wanaotafuta sindano. Sasa nilitazama kwa hofu, mwanangu, na hofu ilinifumbua macho. Kando ya kila hatua ya mguu wa kulia kulikuwa na kiduara kilichodidimia, kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda.

"Hayo ni magurudumu ya mashine," nikasema.

"Mashine yako ina gurudumu moja? Tena linarukaruka kama chura?"

Nikazifuata alama kwa kidole. Kiduara, hatua. Kiduara, hatua. Nyumba ile ilikuwa na fimbo moja tu ya kutembelea yenye mpira chini.

"Lakini bibi hapandi ngazi!"

"Nani kakwambia? Umemfunga kamba?"

Bi Zuhura akashuka mbio, yeye na magoti yake mabovu, akalimwaga kapu la nguo chafu. Akaokota soksi nyeupe za bibi, akazigeuza, akacheka peke yake. Vidoleni na visiginoni, mahali ambapo viatu vile vina matundu na uwazi, zilikuwa na manyoya manyoya ya kijani. Chini kote kulikuwa na mbao au vigae; zulia la kijani lilikuwa kwenye chumba kile kimoja tu.

"Wallahi, nimezifua wiki nzima nikidhani ni uchafu wa mashine ya kufulia."

Tukampelekea Mama Béa. Akafuta machozi kwa aproni, akatutazama, akapiga paja.

"Ngoja! Miye jioni naachaka viatu hapa mlangoni, ovyo ovyo. Kila asubuhi nakuta vimepangwa, vizuri, kama vya kanisani. Na huyu mama siku hizi anamaliza sahani, anaomba ingine! Mutu wa kukaa tu anatoa wapi njaa ya vile?"

Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe; hata mimi, Jumatatu iliyopita nilizifyonza alama kama zile bila kuzitazama. Nikadaka simu ya ukutani nimpigie Daniel.

"Weka chini!" Bi Zuhura akanifokea. "Umeshaanza tena! Hiyo saa umeshaiona?"

Ilikuwa saa tisa na nusu. Tukamwandalia bibi chai, tukaingia sote watatu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Akashusha gazeti. Bi Zuhura akamuuliza taratibu, "Bibi, ngazi zetu unazionaje siku hizi?"

Bibi Harriet akatukodolea macho. Halafu akaangua kicheko cha msichana, akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa saa.

"Dakika nne na nusu! Wiki iliyopita zilikuwa saba!"

Kila jioni, sisi tukishaondoka, alivaa vile viatu vya Mama Béa visivyoteleza, akapanda hadi chumba cha mumewe na kushuka, akijipima. Jumatatu hiyo alikuwa ameishusha saa ili aone dakika vizuri. Alitaka aweze kabisa kwanza, ndipo amshangaze mwanawe.

Tukamweleza ya asubuhi. Kicheko kikakatika. Gari la Daniel liliposimama nje, bibi alikuwa ameshafika ngazi ya tatu, fimbo mkononi, uso umemwiva kwa hasira. "Hesabu dakika!" alimwambia. "Ukimaliza, nenda jikoni ukamwombe radhi yule mama." Sisi chini tulishangilia kama watu wa mpirani. Nyumba haikuuzwa. Daniel aliomba radhi.

Kisha Mama Béa akanigeukia. "Na wewe?"

Nilipiga magoti palepale. Akaniinua. "Nimekusamehe. Lakini jina yangu ulilitoa mbio sana."

Mwanangu, nyinyi leo mnalitupa jina la mtu kwenye kundi la simu kabla chai haijapoa. Ulichokiona, kiseme kama kilivyo: rangi yake, mahali pake. Unachodhani, kibakize moyoni mpaka ukipime na wenzio, na umuulize mhusika mwenyewe hata kama umekatazwa. Aliye ugenini jina lake ndiyo nyumba yake. Usimbomolee kwa haraka yako. Na siku ukikosea, usijifiche nyuma ya kimya. Nenda kwake mwenyewe, mbele ya wale wale waliokusikia.

Mungu akupe macho makali na ulimi mtulivu. Akuweke karibu na watu wanaothubutu kukufokea, na jina lako lilindwe hata mahali usipokuwapo. Amina.